Ini la Mwenye Njaa na Ini la Mwenye Shibe

Katika mazungumzo ya kawaida, hata miongoni mwa waliosoma, ugonjwa wa ini lenye mafuta huhesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye nafasi. Ukitajwa, msikilizaji hupata picha ya mtu mnene wa mjini, aendaye kazini kwa gari, akae kitini mchana kutwa, na jioni asikose nyama ya kuchoma mbele yake. Mkulima wa Mazingara, katika Wilaya ya Handeni, ambaye huenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu, haingii katika picha hiyo. Wala mkata mkonge wa Korogwe haingii. Picha yenyewe si ya uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya zamani, na iliandikwa juu ya watoto wenye njaa, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika. Elimu mpya ya urithi, ile inayochunguza alama zinazowekwa juu ya jeni bila ya kuzibadili jeni zenyewe, imeanza kuziunganisha nusu hizo mbili, na habari hizo zawahusu sana wale wanaopanga afya ya wilaya kama Handeni na Korogwe.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 huitwa Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa kwa sababu ya kuzaliwa mdogo wao, kisha wakalishwa uji wa mahindi mitupu. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lake la Kiga, ambalo katika Kiswahili limekuwa kwashakoo. Miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kunyofoka, ngozi hubabuka, na mtoto hukataa hata kile chakula kidogo kilichopo. Huko Kenya, na baadaye Uganda, daktari Hugh Trowell alikuwa akiwaona watoto wa namna hiyo hiyo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, yeye pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean waliufanyia ugonjwa huo kazi ya miaka mingi, na mwaka 1954 matokeo yake yakachapishwa kitabuni. Madaktari waliopasua maiti za watoto hao walikuta jambo lile lile tena na tena: ini kubwa, la rangi ya manjano, lililojaa mafuta. Mtoto aliyekufa kwa kukosa chakula bora alikuwa na ini lililonona.

Jambo hilo lilikuwa dhahiri kiasi kwamba John Waterlow, alipochapa mwaka 1948 taarifa yake juu ya watoto wachanga wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, aliuita ugonjwa wao kwa jina hili hili linalotumika hivi leo hospitalini: ugonjwa wa ini lenye mafuta. Ilipita miaka 32 kabla ya madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakiongozwa na Jurgen Ludwig, kueleza mwaka 1980 habari za watu wazima ambao maini yao yalifanana na ya walevi ilhali wao hawakuwa walevi. Tangu hapo ugonjwa ukawa na sifa ya kuwa "usio wa pombe", mpaka mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilipoibadili sifa hiyo ili jina litaje chanzo, yaani kuvurugika kwa matumizi ya chakula mwilini. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalisema kwamba robo hivi ya watu wazima duniani wana mafuta ya namna hiyo katika ini. Katika wingi huo wa wenye shibe, watoto wa Mulago walisahauliwa. Trowell mwenyewe hakusahau: mwaka 1981 yeye na Denis Burkitt walihariri kitabu kingine, safari hiyo juu ya magonjwa yafuatanayo na maisha ya Kimagharibi. Maisha ya daktari mmoja yalitosha kuziona ncha zote mbili za kamba.

Msomaji atauliza kwa haki: yawezekanaje ini la mwenye njaa kunona? Jibu halimo katika wingi wa mafuta yanayoingia, bali katika uchache wa yanayotoka. Ini ni kama ghala la kupitishia mahindi. Mafuta huja kutoka tumboni na kutoka katika akiba ya mwili, na mengine hutengenezwa papo hapo kutokana na wanga; kisha hayana budi kufungashwa na kupelekwa damuni ili yakatumike kwingine. Ufungashaji huo wahitaji protini, na wahitaji pia kitu kiitwacho kolini. Mafuta yakiwapo na magunia yasiwepo, ghala hujaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Charles Best na wenzake, huko Toronto, waliona kwamba mbwa walioondolewa kongosho na kuishi kwa insulini walipatwa na ini lenye mafuta, na kwamba walipolishwa lesithini mafuta hayo yalipungua. Baadaye ikafahamika kwamba kilichoponya ndani ya lesithini kilikuwa kolini.

Kolini hupatikana katika mayai, maini, samaki, karanga na kunde. Ikikosekana katika chakula, ini laweza kuitengeneza kwa kiasi fulani, nalo hufanya hivyo kwa kutumia vikundi vidogo viitwavyo methili, kila kimoja kikiwa na atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Vikundi hivyo hutoka hasa katika methionini, ambayo ni mojawapo ya asidi zinazojenga protini, na hufanywa upya kwa msaada wa foliki na vitamini B12. Mtoto anayelishwa uji wa muhogo, au wa mahindi peke yake, hupata wanga mwingi na methili chache.

Hapo ndipo elimu ya alama inapoingia. Wakazi wa pwani na wa Tanga wanajua jinsi Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi zaweza kuwa zile zile, lakini irabu zinazowekwa juu na chini yake ndizo zinazoamua neno lisomweje. Na sukuni ikiwekwa juu ya herufi, herufi hiyo hutulia. DNA nayo ni maandishi marefu ya herufi chache zisizobadilika. Ini, ngozi na ubongo wa mtu mmoja vina maandishi yale yale, na haviwi kitu kimoja kwa sababu alama zilizowekwa juu ya maandishi hayo zatofautiana. Alama mojawapo, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi, ni methili iliyobandikwa juu ya herufi iitwayo sitosini. Aghalabu ikibandikwa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza, kama herufi iliyopewa sukuni. Zipo alama nyingine, zinazobandikwa juu ya protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi kwenye kigurudumu, lakini hizo hazina haja ya kuelezwa hapa. Elimu ya alama hizi zote huitwa epijenetiki.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba wino wa alama hizi hutoka jikoni. Methili inayosaidia kufungasha mafuta ya ini ndiyo methili ile ile inayoandika alama juu ya jeni. Mfuko ni mmoja, na matumizi ni mawili. Mfuko ukipungua, mafuta hukwama katika ini, na wakati huo huo jeni zilizopaswa kunyamaza zaweza kuanza kusema. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walionyesha hayo kwa panya walionyimwa kolini na methionini: maini yao yalinona, alama za methili juu ya DNA zikapungua, na baadhi yao hatimaye walipata saratani ya ini bila ya kupewa sumu yoyote. Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle, wa Marekani, walionyesha upande wa pili. Panya majike wa jamii iitwayo aguti walipolishwa kolini, foliki, B12 na betaini kabla ya mimba na wakati wa mimba, wengi zaidi wa watoto wao walizaliwa na manyoya ya kahawia, ilhali kwa kawaida wengi wa jamii hiyo huzaliwa na manyoya ya manjano na hunenepa kupita kiasi wakikua. Jeni za watoto hao zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni alama.

Kwa upande wa binadamu, Wajerumani wa Kiel walichunguza mwaka 2013 vipande vya ini vya watu wanene sana. Walikuta kwamba maini yaliyougua yalikuwa na alama tofauti na maini mazima, na tena kwamba baada ya watu hao kupasuliwa tumbo ili wapungue uzito, baadhi ya alama zilirudi kuelekea hali ya uzima. Hiyo ni habari ya wenye shibe. Habari ya wenye njaa ilikuja mwaka 2019, kutoka Malawi na Jamaika. Wataalamu waliwachunguza watoto 309 wenye utapiamlo mkali kwa kuchukua chembe hai kutoka upande wa ndani wa shavu. Wale waliokuwa na uvimbe, yaani kwashakoo na mfano wake, walilinganishwa na wale waliokonda bila kuvimba. Wenye uvimbe walikuwa na alama chache za methili mahali pengi katika DNA, na miongoni mwa mahali hapo pamo palipokwisha kuhusishwa na magonjwa mawili ya watu wazima: kisukari, na ini lenye mafuta. Shavu si ini, na yeyote anayezitumia habari hizi hana budi kulisema hilo waziwazi. Hata hivyo ni vigumu kuona kwamba ni sadfa tu.

Uchunguzi huo huo una sehemu ya pili ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo muhimu zaidi kwa wapangaji. Watu wazima walioponyeshwa utapiamlo walipokuwa wadogo walichunguzwa vivyo hivyo, na ule upungufu wa alama haukuonekana kwao. Maana yake ni kwamba upungufu ule ulikuwa wa wakati wa ugonjwa, na kwamba chakula na matibabu vilipopatikana mfuko ulijaa tena.

Je, alama zote hurudi hivyo? Hapana. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani waliwanyima Waholanzi chakula. Mwaka 2008 wachunguzi waliwapima watu ambao mama zao walishika mimba wakati wa njaa ile, wakakuta kwamba juu ya jeni moja inayohusika na ukuaji walikuwa na methili pungufu kuliko ndugu zao wa tumbo moja, miaka 60 baada ya tukio. Wale ambao njaa iliwakuta tumboni katika miezi ya mwisho hawakuwa na tofauti hiyo. Huko Gambia, katika vijiji vya wakulima, imeonekana kwamba mtoto aliyetungwa mimba majira ya mvua, wakati akiba ya chakula imepungua na kazi ya shamba imezidi, huwa na alama zinazotofautiana na za mtoto aliyetungwa mimba wakati wa kiangazi. Na alama hizo zafuatana na kiasi cha vitu vyenye kutoa methili vilivyokuwa katika damu ya mama siku zile. Kwa hiyo wakati ndio unaoamua. Siku za mwanzo kabisa za mimba, ambapo mama mara nyingi hajajua kama ni mjamzito, zaandika kwa wino mzito kuliko miaka ya baadaye.

Mambo haya yasomwapo Handeni hayawi ya nchi za mbali. Uzigua ni nchi ya mvua zisizotegemeka, na historia yake imejaa miaka ya njaa. Katika karne ya 19 njaa iliwatoa Wazigua wengi makwao, na wengine walichukuliwa au walikwenda mpaka bonde la mto Juba, Somalia, ambako wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua. Baadhi ya wajukuu hao, walipokimbia vita vya Somalia, walirudi na kupewa makazi Chogo, katika wilaya ile ile ya Handeni. Katika miaka ya 1890 nzige na ukame vilileta njaa nyingine kubwa. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika mwaka 1992 juu ya nchi hiyo kati ya 1840 na 1940, amebainisha kwamba njaa hizo hazikuwa kazi ya mbingu peke yake: utawala wa kikoloni ulivunja mipango ya biashara na ya kusaidiana ambayo kwayo watu waliweka akiba na kuivusha miaka mibaya. Wazee wanaukumbuka pia ukame wa 1973 na 1974, ambao baada yake, mwaka 1975, nchi nzima iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai.

Hapa pana hatari ambayo yastahili kupingwa mapema. Tayari yapo maandishi ya nchi za nje yanayozungumza kana kwamba njaa ya babu huandikwa katika mwili wa mjukuu bila kufutika, na kana kwamba watu fulani wamekwisha kuharibika kabla hawajazaliwa. Fikra hiyo ikiletwa Handeni itapokewa kama laana ya ukoo, na itamfaa kila kiongozi asiyetaka kujenga ghala. Ushahidi uliopo kwa binadamu haufiki huko. Waholanzi waliopimwa walikuwa wenyewe tumboni wakati wa njaa. Si wajukuu walioisikia katika hadithi. Watu wazima waliougua utapiamlo utotoni wakapona hawakuonekana na ule upungufu wa alama. Na yule panya wa kahawia alitokana na chakula cha mama yake. Epijenetiki ikisomwa vizuri yaongeza wajibu wa walio hai, kwa sababu yaonyesha kwamba ugonjwa wa mtu mzima una sehemu iliyoandikwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuandika vingine.

Wapinzani wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba zahanati isiyo na dawa za kutosha haina haja ya kusikia habari za methili, na kwamba ushauri wa mwisho ni ule ule wa siku zote: watu wale vizuri. Ni kweli kwamba ushauri wafanana. Lakini elimu hii yabadili mahali pa kuuelekeza na wakati wa kuutoa. Hesabu za nchi zaonyesha tatizo lilivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 na kukuta kwamba robo hivi wana uzito uliozidi, na asilimia 9 wana sukari nyingi katika damu. Aghalabu hesabu hizi mbili huandikwa katika taarifa mbili na kusomwa katika mikutano miwili. Aliyedumaa huhesabiwa na watu wa lishe; aliyenenepa huhesabiwa na watu wa magonjwa yasiyoambukiza, ambao mpango wao wa taifa ulizinduliwa mwaka 2019. Inasahauliwa kwamba mara nyingi ni mtu yule yule, akiwa amepita miaka 30 katikati. Mwili uliojifunza utotoni kuishi kwa kidogo, ukikutana ukubwani na soda na chipsi za vituo vya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, hubeba mizigo yote miwili katika ini moja.

Kuna na sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Kiteto, mojawapo ya wilaya zilizopatwa, yapakana na Kilindi, ambayo mpaka mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Sumu hiyo hulenga ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hafi siku hiyo. Saratani ya ini humngoja mbele. Huko Gambia watoto ambao mama zao walikula sumu hiyo wakati wa mimba wameonekana kuwa na alama za methili zilizobadilika. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha nao una gharama yake: mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa itokayo katika methionini na jamaa zake, yaani kwa kuchota katika ule ule mfuko ulio karibu kuwa mtupu. Mwaka wa ukame, ambapo mahindi yamekauka shambani na muhogo ndio ulioshika, ndio mwaka ambapo mfuko huchotwa zaidi.

Mapendekezo yanayotokana na haya si ya gharama kubwa. La kwanza lahusu yai. Yai moja la kuku lina kadiri ya miligramu 150 za kolini, na mwanamke mjamzito ahitaji 450 kwa siku. Katika sehemu nyingi za nchi palikuwa na miiko ya kumkataza mjamzito asile mayai, na hata mahali ambapo miiko imekufa, yai huuzwa ili kununua sabuni na chumvi. Dagaa wana methionini. Kunde, majani ya kunde na mchunga vina foliki. Mahindi na maharage vikiliwa pamoja kila kimoja hujazia upungufu wa mwenziwe. Haya yote yamo midomoni mwa mabibi afya tangu zamani. Jipya ni kwamba mafundisho hayo hayapaswi kungoja mwanamke aje kliniki na tumbo la miezi mitano. Yapelekwe kwa wasichana walio katika madarasa ya mwisho ya shule, na kwa waliokwisha kuolewa kabla ya mimba, kwa kuwa siku zinazoandika zaidi ni zile ambazo kliniki haizioni. Na karanga zinazosifiwa katika mafundisho hayo zichambuliwe kwanza, kwani karanga yenye ukungu hutoa kolini kwa mkono mmoja na sumu kwa mkono mwingine.

La pili lahusu utafiti, na hapo Korogwe ina sifa ambayo wilaya nyingi hazina. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto 15,460 kwa jumla. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Wafanyakazi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliwafuata watoto wa Korogwe kwa miaka kadhaa, wakawapima na kuwaandika, na wazazi wakawaamini. Ujuzi wa kumfuata mtoto kijijini mwaka hata mwaka ni mgumu kupatikana kuliko mashine yoyote. Wenye ujuzi huo wanaweza kabisa kuwafuata watoto waliolazwa kwa kwashakoo katika hospitali za Korogwe na Handeni, na kuwalinganisha na ndugu zao ambao hawakuugua. Pamba ya kupangusa shavu ni bei ndogo. Kusoma alama zenyewe ni kazi ya maabara kubwa, na kwa sasa vipimo vingi vya namna hiyo vya Afrika husomewa nje. Basi mkataba uandikwe kwamba vinavyokwenda vinakwenda pamoja na kijana wa hapa anayekwenda kujifunza kuvisoma, na kwamba majibu yatarudishwa vijijini kwa Kiswahili.

Somo la Iringa laonyesha hasara ya kutofanya hivyo. Kuanzia mwaka 1983 mpango wa lishe wa mkoa ule, ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulianza katika vijiji 168, na kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito mbele ya wazazi wao. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu, na mpango ukasifiwa ulimwenguni. Mtoto aliyepimwa mwaka 1984 akiwa na mwaka mmoja amekwisha kuvuka miaka 40, umri ambao ini lenye mafuta huanza kuonekana kwa watu wengi. Mashine ya mawimbi ya sauti ya hospitali yaweza kulitambua ini hilo kwa dakika chache na bila ya kumpasua mtu. Yangeliwekwa pamoja, madaftari ya mizani ya wakati ule na picha za ini za wakati huu yangeliipa Tanzania jibu ambalo Uholanzi ililipata kwa sababu tu makarani wake walihifadhi karatasi.

Kwa Mazingara kazi yaweza kuanza na karatasi iliyopo. Kadi ya kliniki ya mtoto huishia miaka mitano, na baada ya hapo mtoto hupotea katika hesabu za afya mpaka siku atakayougua akiwa mtu mzima. Kadi ya mtoto aliyetoka wodini na kwashakoo ingeongezewa mistari mitatu: uzito wake akiwa na miaka 10, kiuno chake akiwa na 20, na ini lake akiwa na 30.